Wageni wa bustani ya umma washirikishwe vipi kuokota taka?

Kivulini

Wakuu, habari za kazi. Natafuta mawazo ya watu wanaoijua kazi hii kwa vitendo.

Bustani ni ya umma, hekta 6 hivi. Ina milango miwili, njia ya kutembea inayozunguka, sehemu ya watoto kuchezea yenye mchanga, na bwawa dogo. Wafagiaji ni watatu na hawaingii kazini mwisho wa wiki, siku ambazo ndizo watu hufurika. Jumatatu asubuhi nyasi zimetapakaa chupa, vifuniko, mirija, karatasi za peremende na vipisi vya sigara. Vibao vya "Tutunze mazingira yetu" vipo sita, vimepauka, na watu wanavipita kama miti.

Wazo lililopo ni kuwaomba wageni wenyewe waokote kidogo wanapotembea. Si siku maalumu mara moja kwa mwaka, bali jambo la kila siku. Tuanze na nini? Vifaa gani, vingapi, viwekwe wapi, kibao kiandikwe nini? Na zawadi je, zinasaidia?

Reki_Ndefu

Mkuu Kivulini, anzia mwisho wa safari ya taka. Kabla hujamwomba mgeni hata mmoja ainame, jibu hili: pipa likijaa Jumapili saa kumi na moja jioni, nani analiondoa na anapeleka wapi? Mradi wa namna hii hufia hapo. Mgeni anaokota kwa moyo mmoja, anakuta pipa limefurika, anaweka mfuko pembeni. Usiku mbwa wanaupasua, alfajiri kunguru wanamalizia. Taka zilezile zimerudi kwenye nyasi, safari hii zimelowa na zinanuka. Aliyeziokota akipita akaziona, humpati tena.

Kwa hiyo kila mlango uwe na pipa la lita 240 lenye magurudumu na mfuniko unaojifunga wenyewe. Pawe na mtu wa zamu jioni za Jumamosi na Jumapili. Saa mbili zinamtosha. Abadilishe pipa likifika robo tatu, asingoje lijae, maana mfuniko usipofunga kazi yote ya mfuniko imepotea. Kama fedha ya zamu hiyo haipo, ahirisha mradi mzima mpaka ipatikane. Bora kuchelewa kuliko kuwafundisha watu kwamba kuokota ni kazi bure.

Sasa vifaa. Wengi hukimbilia mifuko. Mimi nasema ndoo. Ndoo ya lita 10 yenye mshikio haipeperushwi na upepo, haitoboki kwa kipande cha kioo, inasimama yenyewe chini, na haiongezi plastiki nyingine kwenye taka. Faida kubwa kuliko zote ni kwamba ndoo inadai kurudishwa. Anayeirudisha lazima apite kwenye pipa lako, na taka zinafika unapozitaka. Mfuko mtu huufunga fundo akauacha chini ya benchi, akiamini kuna atakayepita kuuchukua.

Vibanio vya kuokotea viwe na urefu wa sentimita 80 hadi 90 kwa watu wazima, na 60 hivi kwa watoto. Vijaribu kabla ya kununua: kibanio kizuri kinashika chupa ya nusu lita na kinashika kipisi cha sigara. Kikishindwa kimojawapo, kiache. Kinachoharibika kwanza ni uzi au waya unaovuta taya, kisha raba za nchani. Chagua chenye waya wa chuma na raba zinazobadilishika, na weka akiba: kwa kila vinne vilivyo nje, kimoja kiwe stoo. Kwa ukubwa wa bustani yako, ndoo 6 na vibanio 6 kila mlango vinatosha kuanzia.

Mahali pa kuvitundika: si mlangoni kabisa. Mlangoni mtu anahesabu watoto, anatafuta simu, anaangalia wenzake wako wapi. Weka hatua kumi au ishirini ndani, pale njia ya kuzunguka inapoanzia. Njia ya mviringo ni bahati yako, kwa kuwa inamrudisha mtu palepale alipochukua ndoo. Zitundike kichwa chini, zisikusanye maji ya mvua zikazalisha mbu.

Vitaibwa? Baadhi ndiyo. Usifunge kwa mnyororo, kwa sababu kifaa cha kuombea ruhusa hakichukuliwi na mtu. Paka mishikio rangi moja inayopiga kelele, weka kituo mahali mlinzi anapoona, na hesabu upotevu kama sehemu ya gharama.

Kalamu Nyekundu

Reki_Ndefu kamaliza vifaa. Nibaki na kibao, maana "Tutunze mazingira yetu" ni sentensi isiyomwambia mtu afanye nini. Mgeni anaisoma, anakubaliana nayo, anaendelea na safari yake. Ombi linalotekelezeka lina kitendo, idadi na mwisho:

CHUKUA NDOO.
OKOTA VITU 10 UKITEMBEA.
MIMINA HAPA UKIRUDI.

Basi. Kumi ni kazi ya dakika chache, na mtu anajua lini amemaliza. Ukisema "saidia kusafisha bustani" umempa hekta 6 mabegani, na mwenye akili ataikimbia kazi hiyo.

Kosa la pili ni kulalamika. Usiandike "Wageni wengi wanatupa taka hapa". Unadhani unamwaibisha mtupaji, kumbe unamwambia kwamba ana wenzake wengi. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilipima jambo hili katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, ambako watu huondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe. Palipowekwa kibao kinachosema wageni wengi wa nyuma wamechukua vipande, wizi ulikaribia asilimia 8. Palipowekwa kinachoomba tu watu wasichukue, ulikuwa chini ya asilimia 2. Geuza sentensi iwe upande wako: "Wageni wa jana walirudisha ndoo 14 zimejaa." Ila namba iwe ya kweli na ibadilishwe kila siku kwa chaki. Namba iliyokaa mwezi mzima ni tangazo la mradi uliokufa.

Herufi: kwa msomaji aliye umbali wa mita 3, kimo cha herufi kisipungue sentimita 2.5. Kibao kiwe usawa wa macho, mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, na cha pili kiwe chini zaidi chenye picha kwa ajili ya watoto na wasiosoma. Vile vibao sita vya zamani ving'olewe vyote. Kibao kilichopauka kinasema hakuna anayeangalia.

Halafu kuna jambo la siku ya kuanza. Bustani iwe safi kabisa asubuhi hiyo, wafagiaji wakeshe ikibidi. Mwaka 2008 mtafiti Keizer na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya Groningen, Uholanzi. Katika mojawapo walifunga vipeperushi kwenye baiskeli zilizoegeshwa uchochoroni. Ukuta ukiwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walivitupa chini. Ukuta uleule ukiwa umechorwachorwa, walifika asilimia 69. Uchafu huita uchafu, hata usio wa aina yake. Mradi unaoanza juu ya lundo la wiki nzima umeanza na mzigo usio wake.

Fagio

Swali la uchokozi. Wageni wakifanya kazi ya wafagiaji, mwezi ujao uongozi hautasema wafagiaji watatu ni wengi?

Reki_Ndefu

Uongozi unaweza kusema hivyo, na ndiyo maana mgawanyo wa kazi uandikwe mapema. Mgeni anaokota kitu kikavu, chepesi, kilicho wazi juu ya nyasi au njia. Mapipa, vyoo, mitaro, ukingo wa bwawa, vioo na kila kilicho chini ya vichaka ni vya wafagiaji. Na kituo kipya kinawaongezea kazi: kuosha ndoo, kubadilisha raba, kuhesabu, kuandika namba kwenye kibao. Anayedhani wageni watapunguza mishahara hajapiga hesabu ya yule mtu wa zamu.

Afadhali mfagiaji mmoja ahamishwe zamu aje Jumapili na ndoo ileile ya rangi. Akionekana anaokota, anafanya kazi kuliko kibao. Reno, Cialdini na Kallgren waliliona hilo katika utafiti wao wa 1993: watu waliomwona mtu akiokota taka walipunguza kutupa za kwao, hata pale mahali palipokuwa pachafu tayari.

Glavu Nene

Mmeenda mbio hadi kwenye rangi za ndoo na hakuna aliyetaja sindano. Hili ndilo litakalowafungia mradi, kwa hiyo lisomeni polepole.

Glavu nyepesi za hospitali hazifai. Zinachanika kwenye mwiba wa kwanza. Tumieni za kitambaa zilizopakwa nitrili (aina ya mpira) kiganjani, jozi za ukubwa tofauti, maana glavu kubwa kwenye mkono mdogo hufanya vitu viponyoke. Hata hivyo hakuna glavu ya bustani inayozuia sindano. Kinachozuia ni urefu wa kibanio na kutotia mkono mahali macho hayaoni. Kanuni iwe moja: chini ya kichaka, ndani ya shimo, nyuma ya jiwe, mkono hauingii. Nyoka na nge nao wanakaa hukohuko.

Mgeni asiguse sindano, nyembe, vioo vilivyovunjika, betri, mitungi ya gesi, chupa yenye kimiminika asichokijua, mnyama aliyekufa, nepi, wala kitambaa chenye damu. Chini ya kibao tundikeni vijiti vyenye utepe mwekundu. Mgeni akikuta kimojawapo anachomeka kijiti hatua moja pembeni na kumwambia mlinzi. Haihitaji simu wala fomu.

Mfanyakazi anayekwenda kuchukua sindano abebe chombo kigumu chenye mfuniko wa kuzungusha. Chombo kiwekwe chini kando ya sindano, kisishikwe mkononi wakati wa kutumbukiza. Hapo ndipo watu hujichoma. Sindano ishikwe katikati kwa kibanio, iingie kwa ncha. Kofia yake isirudishwe. Chombo kikifika robo tatu kifungwe na kipelekwe kituo cha afya kinachopokea taka za aina hiyo. Kisitupwe kwenye pipa la kawaida. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilinyonye wala kulikamua, na aende hospitali saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi.

Betri zitengwe kwenye ndoo yao yenye mchanga mkavu. Betri ya lithiamu iliyobonyezwa ndani ya pipa lililoshindiliwa inaweza kuwaka, na karatasi zote zilizoizunguka ni kuni.

Kwenye bwawa, watoto wasikaribie ukingo bila mtu mzima; wekeni mstari wa mawe mita 3 kabla ya maji. Uzi wa kuvulia samaki ukipatikana ukatwe vipande vifupi kabla ya kutupwa, la sivyo utawafunga miguu ndege wa dampo badala ya ndege wa bwawa. Chupa iliyolala kwenye nyasi itazamwe kwanza. Mende, mijusi na hata panya wadogo huingia kufuata mabaki na kushindwa kupanda kuta zinazoteleza. Ilazwe mdomo ukielekea chini, wakitoka ndipo iokotwe.

Na maji ya kunawa! Bomba na sabuni viwe palepale ndoo zinaporudi. Mishikio ya ndoo na vibanio ioshwe kwa sabuni kila jioni ya Jumapili. Penye damu tumieni klorini ya asilimia 0.5, yaani dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini asilimia 5, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, ikae dakika 10. Ichanganywe siku hiyohiyo, haidumu.

Kivulini

Asanteni sana, wakuu. Glavu Nene, vile vijiti vyenye utepe sikuvifikiria kabisa.

Bado mambo mawili. Kwanza zawadi: kuna anayependekeza tuwalipe watu kwa kilo. Pili vipisi vya sigara. Ni vingi kuliko kitu kingine na ni vidogo. Hata kwa kibanio kizuri mtu atachoka kabla hajafika mbali.

Mizani

Kulipa kwa kilo, hapana. Ukilipa kwa uzito utaletewa uzito. Watu watatafuta vilivyolowa, watachanganya mchanga, watafungua mapipa yako yaliyojaa na kukuuzia taka ulizokwisha kuzikusanya, na mwingine ataleta za nyumbani kwake. Vipisi, ambavyo havina uzito, vitabaki palepale. Kuna hasara nyingine inayokuja polepole: siku ukiacha kulipa, aliyekuwa akiokota bure naye anajiona mjinga.

Kama uongozi unang'ang'ania zawadi, iwe ndogo na isifungamane na kiasi. Kwa mfano, kila anayerudisha ndoo anachukua namba, na mwisho wa mwezi inachezwa bahati nasibu moja. Lakini kinachofanya kazi kwa gharama ndogo ni kuonekana kwa kilichofanyika. Simamisha bomba la plastiki linaloonyesha ndani karibu na kibao, na watu watumbukize vifuniko vya chupa. Vifuniko vikipanda ndani yake, kila mtu anaona. Watoto wapewe kadi yenye michoro tisa (kifuniko, mrija, karatasi ya peremende, kopo, uzi na kadhalika) watie alama kila wanachokiokota. Mtoto mwenye kadi atamzungusha mzazi wake bustani nzima, atake asitake.

Vipisi. Kwanza watu waelewe kwamba kichungi cha sigara si pamba wala karatasi. Ni selulosi asetati, aina ya plastiki, na hakiozi kwa mvua chache. Pili, usiwaombe wageni waviokote kimoja kimoja. Vimalize kwenye chanzo. Vingi hulala penye benchi na penye mlango, pale mtu anapozima sigara kabla ya kuingia. Weka hapo kopo la chuma lenye mchanga, liwe la chuma kwa sababu kipisi kinachofuka kitayeyusha plastiki au kuwasha karatasi. Liwe tofauti na pipa la taka, na lisafishwe kila siku. Kopo lililojaa linageuka alama ya mahali pa kutupia chini.

Vilivyokwisha kuingia kwenye mchanga wa watoto ni kazi ya wafanyakazi kwa chekecheo la matundu ya milimita 5, mchanga ukiwa mkavu. Ukiwa umelowa unaziba matundu na mtapoteza asubuhi nzima. Kwenye njia ya saruji, brashi na kizoleo vinatosha.

Kalamu Nyekundu

Nyongeza kwa Mizani: atakayetaka hadhara na ngoma atasema fanyeni siku kubwa. Si vibaya, ila watu hukumbuka umati wakasahau maandalizi. Estonia, tarehe 3 Mei 2008, watu kama 50,000 waliokota taka takriban tani 10,000 kwa siku moja. Kabla ya siku hiyo madampo ya holela zaidi ya 10,000 yalikuwa yamewekwa kwenye ramani. Na hata hivyo ile ilikuwa kazi ya kuondoa malundo ya miaka mingi. Chupa ya Jumapili ijayo inahitaji ndoo ya Jumapili ijayo.

Mizani

Kweli. Na hapo ndipo kipimo kinapoingia, maana wengi hupima wasichokitaka. Usipime mafanikio kwa idadi ya ndoo zilizojaa. Ndoo zikiongezeka, huenda watu wanaokota zaidi, huenda wanatupa zaidi, namba haikwambii. Pima kilichobaki chini.

Chagua vipande vinne vya ardhi: kimoja karibu na kila mlango, kimoja penye benchi nyingi, kimoja mbali na kila kitu. Kila kimoja kiwe urefu wa mita 50 na upana wa mita 2, yaani mita za mraba 100. Kila Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya wafagiaji, mtu mmoja apite akihesabu vitu kwa aina. Fanya hivyo wiki nne kabla ya kutundika ndoo ya kwanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Andika pia hali ya hewa. Mwisho wa wiki wa mvua utakupa bustani safi ambayo hukuisafisha.

Aina ndizo zenye faida. Mirija na vifuniko vikijaa kipande kimoja, kuna muuza vinywaji jirani, na mazungumzo na huyo muuzaji yataondoa taka nyingi kuliko kibao chochote. Karatasi zikijaa upande upepo unakoelekea, pipa fulani halina mfuniko. Kipande cha mbali kikibaki kichafu wakati vingine vinapungua, njia yako haipiti huko, au ndoo zimejaa kabla hazijafika.

Kalamu Nyekundu

Na hesabu ikishuka, shusha ombi. Mtu akizunguka njia nzima akapata vitu vitatu, kibao cha "vitu 10" kinamfanya ajione kashindwa. Andika 3.

Fagio

Nyasi zinakatwa siku gani?

Kivulini

Jumatatu, alfajiri. Kwa nini?

Fagio

Badilisha. Mashine ikipita juu ya chupa na makopo kabla hayajaokotwa, kitu kimoja kinakuwa vipande hamsini, na hakuna kibanio cha kuviokota hivyo. Kopo likikatwa linabaki na makali kama wembe, na watoto watalikanyaga peku. Ikatwe Jumanne, baada ya hesabu ya Mizani na mzunguko mmoja wa wafagiaji. Na hakikisha dereva wa mashine ana ndoo yake kwenye kiti.